Maradhi ya Nafsi kwa Watoto na Vijana Wetu
Hotuba kwa wazazi na walimu wa madrasa, Buyenzi, Bujumbura

Bismillahi Rahmani Rahim.



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha siku hii ya kuikumbuka kazi ya jumuiya yetu. Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya afya. Ningaliweza kusema juu ya malaria au kipindupindu, lakini hayo mwayajua. Mtoto akishikwa na homa, hakuna mama wa Buyenzi anayengoja kuambiwa la kufanya. Nitasema juu ya maradhi ambayo mtoto huyapata nasi tukangoja: twangoja mwezi, twangoja mwaka, mpaka tiba yake inakuwa nzito. Nayo ni maradhi ya nafsi.

Wako wadhanio kwamba maradhi haya ni ya watu wazima tu. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anayo. Na wataalamu waliochunguza habari za wagonjwa wa nchi nyingi wameona kuwa kiasi cha theluthi moja walianza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Basi anayengoja mtoto akue ndipo amtafutie tiba, amengoja mpaka mti umekomaa ndipo aunyoshe.

Na hapa petu sababu hazikukosekana. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwakuta wazazi wengi wa leo wangali watoto. Wako waliokulia katika kambi za Tanzania, na ghasia za mwaka 2015 ziliwatoa watu makwao tena. Mtaa wetu ulisifika kwa kuwahifadhi watu wa kila kabila. Lakini aliyehifadhiwa mwili huenda moyo wake haukupata pa kupumzika, na mzazi asiyelala usiku huonwa na mwanawe. Wala si vita pekee: kufiwa, njaa, ugomvi wa nyumbani, kipigo, na pengine asili ya ukoo, yote hayo yana sehemu yake.

Mtoto hasemi kwamba nafsi yake yaumwa. Husema tumbo, husema kichwa. Chukueni mfano wa kijana wa miaka 12 aliyekuwa akihifadhi vizuri. Sasa aya aliyoisoma jana leo imempotea, hacheki, hachezi, usiku ashtuka, na asubuhi hataki kutoka. Mwalimu amwona mvivu, baba amwona mkaidi, jirani asema ana shetani. Kila mmoja amekwisha kutoa hukumu, na mtoto mwenyewe hajaulizwa neno. Siku moja ya huzuni si ugonjwa. Lakini hali hiyo ikidumu majuma mawili au zaidi, ikamzuia kula, kulala, kusoma au kukaa na wenziwe, basi yapasa apelekwe kwa wenye elimu.

Apelekwe wapi? Wengi wakisikia maradhi ya akili hukumbuka hospitali ya Kamenge, ambayo tangu mwaka 1981 yawatibu wagonjwa wa namna hii, na wakisikia jina hilo huona haya. Lakini mlango wa kwanza si Kamenge. Mlango wa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu na nyumba yako. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata yakakubaliana kwamba tiba ya msingi iwe karibu na watu, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa kuwafundisha wauguzi na madaktari wa kawaida kuyatambua maradhi haya.

Muuguzi aliyefundishwa hupima kwanza malaria na upungufu wa damu, na huangalia masikio na macho, kwani mtoto asiyesikia vizuri huitwa mjinga bure. Kisha humsikiliza mama, na baadaye huzungumza na mtoto peke yake. Akiona huzuni kubwa, humwuliza wazi kama amefikiri kujidhuru. Msiogope swali hilo. Halimtii mtoto wazo jipya, bali humfungulia mlango wa kusema. Na kwa mtoto, dawa ya kumeza si jambo la kwanza. Mara nyingi tiba huanzia kwa wazazi: kuacha kiboko, kumrudishia usingizi wa saa zake, kumpa nafasi ya kucheza na ya kusikilizwa. Likiwa zito, ndipo aandikiwe barua ya kwenda kwa bingwa.

Niseme pia juu ya kifafa, kwa kuwa hutibiwa kwa mlango uo huo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa povu wala kwa kugusana. Katika kila wagonjwa 10, wapatao 7 waweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na wasiikatishe wenyewe. Hata hivyo wako mabinti wanaofichwa ndani kwa kuogopa kukosa mchumba, na mmoja huanguka motoni siku nyumba haina mtu. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba mwanamke mwenye kifafa alimwendea Mtume (S.A.W.), naye akamsikiliza, akamheshimu, wala hakumwambia ajifiche.

Dini yetu haikutuacha gizani. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba nafsi huugua kama mwili uuguavyo. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Basi dua na Kurani tusiziache, lakini anayemfunga mtoto kamba, au kumpiga, au kumnyima chakula ili pepo atoke, asiseme kwamba hiyo ni Sunna.

Waheshimiwa, nina maombi mawili. La kwanza, kila mwalimu wa madrasa amjue muuguzi wa kituo kilicho karibu naye, na kabla ya kuchukua kiboko aulize. Anas bin Malik alikuwa na ndugu mdogo, Abu Umair, aliyefiwa na ndege wake, na Mtume (S.A.W.), pamoja na mizigo yote ya umma, alimwuliza mtoto yule habari za ndege.

La pili ni juu ya fedha. Tangu mwaka 2006 watoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure, lakini maradhi mengi niliyoyataja huonekana baada ya umri huo. Sanduku la jumuiya likumbuke dawa za kifafa, na nauli ya wenzetu wa Rumonge na wa mbali zaidi. Tumechangia sana majengo. Mtoto naye ni amana, tena tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe macho ya kuwaona mapema. Amin.