Testi haichagui munganga, inachagua nani atasikilizwa

Maneno ya komite ya masomo mbele ya mukutano wa wanachama, Nyankunde



Tumeombwa kusema juu ya jambo moja linaloleta maneno mengi kila mwaka, wakati vyuo vikuu vinafungua maandikisho: testi ya kuingia kwenye masomo ya uganga. Tunasikia maswali matatu. Muzazi anasema: «Mutoto wangu ana diploma ya Serikali. Kwa nini wanamujaribu tena?» Rafiki aliyetoa feza anauliza: «Mulilipa testi, lakini jina la mutoto halikutokea kwa valve. Feza yetu ilienda wapi?» Na kijana mwenyewe anasema: «Testi nilipita, waliniita kwa mahojiano, kisha wakaniacha. Basi testi ilikuwa ya nini?»

Maswali haya matatu yana jibu moja. Testi haichagui munganga. Inachagua nani atasikilizwa. Tukielewa hivyo, tutajua pia namna ya kutumia mufuko wetu.

Tuanze na diploma. Exetat ilianza mwaka 1967, na ni egzame moja kwa inchi yote. Anayefikia 50% anapata diploma. Egzame hii inapima kama mutoto amemaliza masomo ya sekondari. Haikutengenezwa kwa kupima kama ataweza kubeba masomo ya uganga. Sehemu moja ya maswali inafwata option ya kila mumoja. Kwa hiyo mutoto wa biolojia-kemia na mutoto wa pedagojia wanaweza kufika kwa mulango mumoja, kila mumoja na 58% yake. Kwa karatasi wako sawasawa. Lakini 58 hizo hazikutoka kwa maswali yaleyale. Shule ya uganga inayoona karatasi mbili hizo haijui bado nani amejifunza nini.

Kwa nini basi shule isiwaite wote na kuwasikiliza? Tufanye hesabu. Tuseme, ni mufano tu, watoto 300 wanaomba nafasi 50. Kila mumoja apewe dakika 20 mbele ya walimu 3. Dakika 20 mara 300 ni dakika 6000, ni kusema saa 100. Kwa saa 8 kila siku, ni siku 12 na nusu ambamo walimu 3 hawafundishi na hawaoni wagonjwa. Wakiwaita watoto 100 tu, kazi inaisha kwa siku 4 na kidogo. Testi ya asubuhi moja, watoto wote 300 ndani ya chumba kikubwa, njo inafanya kazi hiyo ya kupunguza. Ni kama chungio ambalo wamama wanachungia unga wa mihogo. Chungio linajua ukubwa wa chembe, halijui ladha ya unga.

Sasa, chungio hilo linatumiwa kwa njia zaidi ya moja, na hapa wazazi wengi wanachanganyikiwa.

Njia ya kwanza ni kizingiti. Shule inasema: kila anayefikia pointi hizi ataitwa. Hapa mutoto hashindani na jirani yake, anashindana na nambari.

Njia ya pili ni mustari. Shule inapanga majina toka wa kwanza mupaka wa mwisho, inakata pale nafasi za mahojiano zinapoisha. Hapa mutoto anaweza kupata pointi nzuri na kubaki inje, kwa sababu mwaka ule wengine walipata zaidi. Ndiyo maana dada mutu anapita na pointi ambazo mwaka unaofwata zinamufungia mulango ndugu yake.

Njia ya tatu ni kuchanganya. Shule inachukua sehemu kwa diploma, sehemu kwa testi, inajumlisha, kisha inaita.

Kuna swali lingine ambalo watu wanasahau kuuliza: kisha mahojiano, pointi za testi zinabaki ao zinafutwa? Pahali pengine zinabaki, zinajumlishwa na pointi za mahojiano. Pahali pengine testi ilikuwa mulango tu, na ndani ya nyumba wote wanaanza kwa sifuri. Kijana wetu wa swali la tatu alifikiri kama kupita testi ni kuingia. Kumbe ilikuwa kupewa kiti cha kusikilizwa.

Jambo hili haliko la Congo tu. Huko Marekani testi ya uganga ilianza mwaka 1928, kwa sababu wanafunzi wengi walikuwa wanaacha masomo mbele ya kumaliza. Huko Uingereza kuna testi inayoitwa UCAT, iliyoanza mwaka 2006 na jina la UKCAT. Haina swali la biolojia hata moja. Inapima kusoma na kuelewa, kukata maneno, na hesabu. Tangu mwaka 2025 sehemu hizo ni tatu, kila moja toka pointi 300 mupaka 900, na kando yake kuna maswali juu ya mwenendo wa munganga, yanayopangwa kwa daraja 1 mupaka 4. Testi ni moja, lakini kila chuo kikuu kinaitumia kwa namna yake: kimoja kinaweka kizingiti, kingine kinapanga mustari, kingine kinachanganya na matokeo ya shule. Nambari ileile inamufungulia mutoto mulango huku, inamufungia kule. Kwa hiyo mutoto wa kule anajifunza mbele ya kuomba: shule gani inatumia pointi zangu namna gani?

Ubelgiji, ambako mipango mingi ya masomo yetu ilitoka, walifanya namna nyingine. Wanaosema Kiflamandi waliweka egzame ya kuingia uganga tangu mwaka 1997, na wanaosema Kifaransa tangu mwaka 2017. Kule hakuna mahojiano kisha egzame. Karatasi inaamua yote. Na jirani zetu wa Uganda, kwa vyuo vikuu vya Serikali, wanagawanya nafasi za uganga hasa kwa pointi za UACE. Watoto wetu waliokulia Kyangwali na kambi zingine za kule wamezoea hivyo: cheti njo mulango. Wanaporudi hapa na kusikia «testi, kisha mahojiano», wanaona kama wanaonewa. Hapana. Ni desturi nyingine, na desturi inajifunzwa.

Sasa tuje kwa watoto wetu wenyewe. Ndani ya komite tumewaona wakienda na kurudi, na kuna mambo manne yanayowaangusha, ambayo hayana uhusiano na akili zao.

La kwanza ni luga. Binti mumoja wa chama chetu alisoma Uganda kwa Kingereza. Biolojia anaijua vizuri kabisa. Swali lilisema kwa Kifaransa: «Laquelle de ces propositions est fausse?» Yeye alitafuta jibu la kweli, akalipata, akaliwekea alama. Neno moja, fausse, lilikula pointi zake kwa maswali mengi. Mahojiano yangeonyesha kama anajua, lakini hakufika kwenye mahojiano.

La pili ni saa. Shuleni mwalimu wetu anaandika maswali matano kwa ubao, na mutoto anayafikiria polepole. Kwenye testi maswali ni mengi na dakika ni chache. Mutoto anayekaa kwa swali la tatu mupaka alishinde, anaacha maswali ishirini nyuma yasiyosomwa.

La tatu ni karatasi na barabara. Mwenye cheti cha inchi nyingine lazima atafute équivalence, na haipatikani kwa siku mbili. Tena, toka hapa mupaka Bunia ni kilometa 45 hivi, lakini tunajua barabara yetu. Mutoto anayeondoka alfajiri ya siku ya testi anaweza kufika wakati mulango umefungwa. Alale Bunia usiku wa mbele.

La ine ni mahojiano yenyewe. Watoto wetu wamehojiwa mara nyingi: kwa mupaka, kwa kambi, kwa wagawaji wa chakula. Kule waliulizwa: «Ulipoteza nini? Nani alikufwa?» Walijifunza kujibu kwa kifupi, macho chini, na kuonyesha kidonda. Mahojiano ya uganga yanauliza neno lingine: «Utafanya nini? Mugonjwa akikataa dawa, utasema naye namna gani? Kwa nini uganga, si kazi nyingine?» Mutoto anayejibu maswali hayo kwa kuhesabu machozi yake tu, walimu watamuhurumia, na watamuacha. Lakini mutoto huyohuyo alibeba bibi yake mugonjwa, aligawanya maji kwa watu wa nyumba kumi, alitafsiri kati ya muuguzi na mama asiyejua Kingereza. Hayo njo majibu yenyewe. Inabaki kumufundisha kuyasema.

Shule zenyewe zinajua kama mahojiano ya mara moja yanaweza kupotea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chuo kikuu cha McMaster, Canada, kilianza njia mupya: mutoto anapita vyumba vingi, kila chumba na mwenye kuuliza wake na jambo lake, dakika chache kila kimoja. Mwenye kuanguka kwa chumba cha kwanza anaweza kusimama kwa cha pili, na mutu mumoja asiyemupenda hawezi kumuharibia yote. Njia hii imeenea kwa inchi nyingi. Sisi hatuna vyumba vingi, lakini wazo hilo tunaweza kulichukua.

Kwa nini chama cha watu waliorudi kijishugulishe na haya yote? Ninyi wazee munajua kuliko sisi. Tangu miaka ya 1960 Nyankunde ilikuwa pahali ambapo wagonjwa walitoka mbali kutafuta waganga, na vijana walitoka mbali kujifunza kazi ya kutunza wagonjwa. Tarehe 5 Septemba 2002 yote yalivunjwa. Wengi hawakubaki, na waliobaki walitembea kwa miguu mupaka Oicha na Beni. Leo hospitali inafanya kazi tena, na shule ya juu inayobeba jina la Nyankunde inafundisha Bunia. Nyumba zimesimama, lakini tunahitaji waganga watakaokaa ndani yake. Mutoto anayejua njia ya hapa, na ambaye kaburi la babu yake liko hapa, ana sababu ya kurudi. Lakini asiposikilizwa, sababu hiyo hakuna mutu atakayeijua.

Kwa hiyo komite inaleta mashauri manne, na tunaomba muyakate leo.

Kwanza, mufuko ulipie matayarisho mbele ya kulipia testi: miezi mitatu ya Kifaransa cha maswali, hesabu, biolojia na kemia, na saa juu ya meza. Marafiki wetu wa mbali, tunajua munapenda kuona feza yenu ikilipa mwaka wa chuo kikuu. Lakini mutoto asiyeitwa hana mwaka wa kulipiwa.

Pili, sisi pia tunachagua, kwa sababu mufuko hautoshi kwa wote. Tuchague kwa kizingiti, si kwa mustari. Tutafanya testi yetu ndogo, na kila atakayefikia pointi tulizokubaliana atasikilizwa, hata kama ni wa mwisho. Kila mutoto ataulizwa maswali yaleyale mane, na kila muzee ataandika pointi zake peke yake mbele ya kuzungumuza na wengine. Hivyo jina la baba ya mutoto halitaongeza kitu, na halitapunguza kitu.

Tatu, hakuna feza ya mufuko itakayopita mukononi mwa mutu anayesema anauza maswali ao «anamujua mwalimu». Tutalipa kwa kesi ya shule ao kwa benki, na tutaweka reçu ndani ya kitabu.

Ine, kwa ripoti yetu tutaandika hesabu tatu: wangapi walifanya testi, wangapi waliitwa kwa mahojiano, wangapi waliingia. Hesabu ya katikati haikuandikwa popote mupaka leo, na njo inayoonyesha tatizo liko wapi. Kama wengi wanaanguka kwa testi, tuongeze Kifaransa. Kama wanaanguka kwa mahojiano, tuwafundishe kusema.

Na kwa wewe kijana ambaye jina halikutokea kwa valve: chungio halikusema kama huna maana. Limesema kama siku ile, kwa luga ile, kwa saa ile, hukufikia pointi zao. Kuna testi ya mwaka ujao. Kuna pia kazi ya uuguzi, ya ukunga, ya laboratwari, na hospitali haitembei bila hizo. Njoo kwa komite, lete karatasi zako, tuangalie pamoja.

 Sasa tunaomba mukono wa kila mumoja kwa mashauri haya manne, moja kisha lingine.