Usingizi katika Hesabu ya Siku
(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama)



Bwana Katibu aliponitaka nichague jambo la kuzungumza, yamkini alitaraji nitasema habari za mishahara au za kupandishwa vyeo, maana hayo ndiyo tuyapendayo. Walakini nimechagua jambo ambalo kila mmoja wetu huliendea nyumbani kwake bila kulipa senti moja, nalo ni usingizi. Tafadhali msicheke. Mimi si mganga. Ni karani kama ninyi, na jambo hili nitalisema kikarani, yaani kwa njia ya hesabu.

Kwanza sina budi kuungama kosa langu mwenyewe, ili msidhani ya kuwa nimekuja kuwafundisha watu nisivyovijua.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi nyingine niliyokuwamo, kazi yangu ilikuwa kuandika orodha ya malipo ya vibarua kila mwisho wa mwezi. Siku zile nilikuwa mtu wa shughuli nyingi mno. Niliamka saa kumi alfajiri, nikarudi nyumbani jioni, nikaenda darasani kujifunza uhasibu, kisha nikawaandikia majirani barua zao, na mwisho nikatazama hesabu za kiduka chetu. Nililala saa sita usiku. Basi nilikuwa nikipata saa 4 tu za kulala, tena nikijisifu kwazo. Watu wakisema, "Bwana huyu halali," nami nikiyapokea maneno hayo kama nishani.

Usiku mmoja, yapata saa tano, nilikuwa nikinakili orodha ile nyumbani. Nikaimaliza, nikaikagua mara tatu, na mara zote tatu nikaiona ni sawa. Ikatiwa sahihi, fedha zikaja. Siku ya malipo vibarua wakapanga safu, majina yakaitwa mpaka la mwisho, na mzee mmoja, mlinzi wa usiku, akabaki amesimama peke yake. Jina lake halikuwamo. Macho yangu yalikuwa yameruka mstari mmoja.

Kusahihisha kosa lile hakukuwa jambo la siku moja. Mlikuwa na barua za kuandikwa na sahihi za kutafutwa, na mzee akangoja mpaka malipo ya mwezi wa pili. Mwezi mzima alikula kwa mkopo wa dukani. Jioni moja akaja kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, jina langu lilikuwa na kosa gani?"

Mabwana, lau angalinitukana ningalisahau. Neno lile la upole sijalisahau mpaka leo. Mzee yule alikesha kwa kuwa ndiyo kazi yake, akitulindia mali. Nami nilikesha kwa kujisifu, nikampotezea riziki yake.

Nililowaza sana baadaye si kule kuruka mstari, maana kila karani amepata kuruka mstari. Nililowaza ni hili: niliikagua orodha mara tatu, na mara zote nikaridhika. Imekuwaje? Jibu lake nimelipata katika kazi za wataalamu. Mwaka 2003, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya majaribio yao juu ya watu 48 wenye afya njema. Baadhi waliruhusiwa kulala saa 8 kila usiku, wengine saa 6, wengine saa 4, kwa muda wa siku 14 mfululizo. Kila siku walipimwa wepesi wa macho na wa akili. Wale wa saa 6 na wa saa 4 walizidi kudhoofika siku hata siku, hata udhaifu wao ukalingana na wa mtu aliyekesha usiku mzima, na pengine hata siku mbili. Na ajabu kubwa ni kwamba walipoulizwa kama wanaona usingizi, walijibu kwamba wanaona kidogo tu. Kazi yao ilikuwa ikiharibika, nao hawana habari.

Wenzangu, sisi tunajua kanuni ya ofisi: mtu ashikaye fedha hawi mkaguzi wa fedha hizo hizo. Mtu akijikagua mwenyewe, hesabu haiaminiki. Basi mtu aliyepungukiwa na usingizi hujikagua kwa macho yale yale yaliyochoka. Akisema, "Mimi nimezoea, saa 4 zanitosha," ushahidi wake haufai, kwa maana anayeshuhudia ndiye anayeshitakiwa.

Labda mtu atasema kwamba kosa la karani ni la wino, lafutika. Sikilizeni jambo jingine. Usiku wa tarehe 24 Machi 1989, meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, ikamwaga baharini mafuta yapatayo lita milioni 40. Baraza la Marekani lililochunguza ajali hiyo liliandika, miongoni mwa sababu zake, kwamba ofisa aliyekuwa akiiongoza meli saa ile alikuwa na uchovu na kazi nyingi kupita kiasi. Tena mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu ambaye damu yake ina kileo kiasi cha sehemu 5 katika 10,000. Hesabuni wenyewe: aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa nne usiku amekwisha timiza saa 17. Hakuna kati yetu atakayekubali karani mlevi aandike orodha ya mishahara. Mbona basi twamsifu aiandikaye usiku wa manane?

Sasa tufungue daftari. Mapato ya siku ni saa 24, kwa tajiri na kwa maskini sawasawa. Mataifa yalipokutana Washington mwaka 1919, yalifanya mapatano kwamba watu wa viwandani wafanye kazi saa 8 kwa siku. Na waliopigania jambo hilo walikuwa wakiigawa siku mafungu matatu: saa 8 za kazi, 8 za mtu mwenyewe, na 8 za kulala. Hesabu nzuri sana, ila hawakuandika njia. Karani wa Dar es Salaam akaaye mbali na mji ataandika hivi: kazi, saa 8, chakula cha mchana, saa 1, njiani kwenda na kurudi, saa 3, kuoga, kula na sala, saa 2, watoto na watu wa nyumbani, saa 2, masomo au kiduka, saa 1. Jumla ni saa 17. Salio ni saa 7.

Saa 7 hizo ndizo walizokubaliana mabingwa wa usingizi wa Marekani mwaka 2015 kuwa kima cha chini kwa mtu mzima. Kwa hiyo mizani imekaa sawa, lakini hapana akiba hata ya dakika moja. Ukiongeza mkutano wa saa 2, au saa 1 ya kutazama simu kitandani, fedha hiyo inatoka fungu gani? Bwana mkubwa wa kazini hakubali kupunguzwa, wala njia haikubali kufupishwa. Hukatwa fungu lisilo na mtetezi, nalo ni usingizi. Leo nusu saa, kesho nusu saa. Wazee walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kosa letu basi ni la uandishi: usingizi tumeuandika mstari wa mwisho, kama masalio, badala ya kuuandika wa kwanza, kama kodi ya nyumba. Wazee wetu wa pwani hawakufanya hivyo. Kwao siku ilianza jua likichwa, na usiku wa Ijumaa ulikuwa ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Usiku ulikuja kwanza, kazi ikafuata. Mtu alilala kwanza ndipo akatumia siku yake. Nasi tukiandika hivyo, hesabu itakaa vyema.

Yafuatayo ndiyo niliyoyajaribu mwenyewe.

La kwanza, weka saa ya kulala kwa sheria, usiweke kwa kujisikia. Mimi nimeweka saa nne usiku, nikaamka saa kumi na moja. Saa nne ikifika nafunga daftari, hata kama mstari haujaisha.

La pili, amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili. Mwaka 2017 wataalamu watatu, Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kufumbua jinsi ifanyavyo kazi saa iliyomo ndani ya mwili, waliyoichunguza katika inzi wadogo wa matunda. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga wa jua. Nasi tumebahatika, kwa kuwa hapa Dar es Salaam tofauti ya kuchomoza jua mwaka mzima haifiki saa moja. Toka nje asubuhi ulione.

La tatu, chai na kahawa ziwe za asubuhi. Kwa mtu wa kawaida, saa 5 hivi baada ya kunywa, nusu ya nguvu yake ya kuondoa usingizi ingali mwilini. Kikombe cha saa kumi na moja jioni bado kinakaa nawe saa nne usiku.

La nne, kwa wanafunzi wa jioni. Mwaka 1924, huko Chuo Kikuu cha Cornell, wanafunzi wawili walifundishwa maneno yasiyo na maana, wakapimwa baada ya kulala na baada ya kukaa macho. Baada ya kulala walisahau machache zaidi. Basi usikeshe usiku wa kuamkia mtihani. Soma, kisha lala, na usingizi utakuwekea ulichosoma.

La tano, tundika chandarua vizuri, wala usiingie na simu ndani yake. Mbu mmoja na ujumbe mmoja wa kazi vyatosha kukuamsha usiku kucha.

Najua mtasema, "Na mtoto akiugua? Na msiba ukitokea? Na mwenye zamu ya usiku?" Ni kweli. Ziko nyakati ambazo mtu hana budi kukesha, na mwanadamu asiyekesha msibani si mwenzetu. Nami sisemi usikope kamwe. Nasema ukikopa uandike, kisha ulipe. Dawa ya deni ni kulipa. Lala mapema usiku ufuatao, au pumzika dakika 20 wakati wa chakula cha mchana. Mwenye zamu alipe mchana, chumba kikiwa giza, na jirani zake wamheshimu kama wanavyomheshimu alalaye usiku. Na ukijua kwamba una deni, usiandike orodha za fedha siku hiyo bila mwenzio kuzikagua.

Neno jingine ni gumu, lakini nitalisema. Mabwana, tusizipate saa zetu 7 kwa kunyang'anya za wake zetu. Nilipoanza kulala mapema nilifurahi sana, mpaka nilipotambua kwamba mke wangu angali akiamka saa kumi kuwasha moto na kuteka maji, na usiku hulala baada yangu. Hesabu yangu ilikuwa imesawazishwa kwa daftari la mtu mwingine, na hiyo, makarani wenzangu, mwajua jina lake. Sasa maji nateka mimi jioni, na sare za watoto hupigwa pasi kabla ya saa mbili. Nyumba nzima yalala pamoja. Na mabibi walio makarani kati yetu hubeba madaftari yote mawili. Waume zao na wafikiri.

Mwisho nina ombi kwa Chama. Mikutano yetu imepata kuendelea mpaka saa nne usiku, na wengine wetu hufika nyumbani saa sita. Naomba ipigwe kura kwamba mkutano wowote ufungwe saa kumi na mbili na nusu jioni, na lisilokwisha lingoje mkutano ujao. Tena kila mwanachama aandike kwa siku 7 saa aliyolala na saa aliyoamka, kisha ajumlishe. Asimwonyeshe mtu, ajikague mwenyewe, ila afanye hivyo asubuhi, amekwisha lala.

Mzee yule alilipwa haki yake yote, na sasa amestaafu. Tukikutana huniuliza habari za nyumbani, wala hakupata kulitaja tena jambo lile. Walakini kila mwisho wa mwezi, nikiishika orodha, hulisikia swali lake, ndipo nitazamapo saa ya ukutani. Ikiwa imechelewa, naifunga, naenda kulala, na kesho yake asubuhi nayasoma majina yote upya, moja moja.

Bwana Mwenyekiti, saa yangu imetimia. Nawatakia nyote usiku mwema.