Kitambaa cha Makindu

Msikilizaji, kama umewahi kusafiri kwa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, Makindu unapajua. Kando ya barabara pana gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, iliyojengwa mwaka 1926 na waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli. Msafiri yeyote akiingia hupewa chakula cha bure, na akichelewa hupewa pa kulala. Haulizwi kabila wala dini.

Mara ya kwanza kuingia pale, gari letu lilikuwa limepata pancha ya pili siku hiyo hiyo, na njaa ilikuwa inauma. Mlangoni tukavua viatu, tukaonyeshwa kapu la vitambaa: ndani hakuingii mtu kichwa wazi, awe mwanamume au mwanamke. Nikachukua cha rangi ya machungwa, nikajifunga kama bibi yangu alivyokuwa akijifunga akienda kisimani. Mzee mmoja akaniangalia, akacheka, akanifungua na kunifunga upya. Kisha akarudi kwenye ndoo yake ya dengu. Mkononi alivaa bangili ya chuma, nene, isiyo na nakshi hata moja, na kila alipozamisha upawa ilikuwa ikigonga ukingo wa ndoo. Nilikula chapati nne. Usiniulize kuhusu chai.

Sasa nikiri jambo. Utotoni tuliambiwa kwamba Kalasinga, ndivyo tulivyomwita Singasinga, huficha kisu ndani ya kilemba, na sisi tukaamini, tukawa tunavuka barabara tukimwona fundi wa magari mwenye kilemba akija. Ndani ya kilemba kuna nywele, basi. Nywele ambazo hazijakatwa tangu azaliwe.

Kuzielewa nywele hizo, turudi Delhi, mwaka 1675. Mwaka ule guru wao wa tisa, Tegh Bahadur, alikatwa kichwa kwa amri ya mfalme Aurangzeb. Masingasinga husimulia kwamba siku ile wafuasi wake waliokuwa katika umati walinyamaza. Walifanana na watu wengine wote, na kufanana huko kukawa ndiko maficho yao. Mtoto wa marehemu, Gobind, alikuwa na umri wa karibu miaka tisa tu. Alikua na jambo hilo moyoni.

Mwaka 1699, katika sikukuu ya Vaisakhi, Gobind akiwa sasa ndiye guru wa kumi, aliukusanya umma mjini Anandpur. Akachomoa upanga, akauliza ni nani aliye tayari kutoa kichwa chake. Wakasimama watano, mmoja baada ya mwingine, watu wa tabaka mbalimbali. Mmoja alikuwa mteka maji. Mwingine alikuwa kinyozi. Kinyozi, msikilizaji! Mtu aliyekula kwa wembe ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuapa kwamba wembe hautagusa kichwa chake tena.

Hao ndio waliokuwa mwanzo wa Khalsa, jamaa ya walioapishwa, na alama zao ni tano. Kesh, nywele zisizokatwa. Kangha, kitana cha mbao, maana nywele ndefu si ruhusa ya kuwa mchafu. Kara, ile bangili ya chuma. Kachera, kaptura ya ndani. Na kirpan, upanga mfupi, ambao aliyeapa huubeba ili asimame upande wa mnyonge. Wanaume wakaitwa Singh, yaani simba, na wanawake Kaur, ili jina la ukoo lisitaje tabaka la mtu. Kilemba chenyewe hakimo katika zile tano. Kazi yake ni kuzilinda nywele. Lakini India ya wakati ule kilemba kilikuwa alama ya wakubwa, na hapa mteka maji alikivaa sawasawa na mtoto wa tajiri.

Kuna linalonishangaza. Mwanzilishi wa imani hii, Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, husimuliwa kwamba akiwa mtoto alikataa kuvishwa uzi mtakatifu wa Kihindu. Dini ya kujionyesha hakuipenda. Imekuwaje wafuasi wake ndio wanaotambulika kwa mbali kuliko wote? Naona hivi: uzi ule ulimwambia mtu nani yuko juu ya nani. Kilemba kinamwambia mpita njia kwamba huyu hapa, ukiwa na shida mwite, na akikukimbia utamjua kwa kichwa chake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ni nguo tu, kwa nini wasiivue kazini. Uingereza ililielewa jambo hili mwaka 1976, ikapitisha sheria ya kumruhusu Singasinga mwenye kilemba kuendesha pikipiki bila helmeti.

Kuonekana kuna gharama yake. Tarehe 15 Septemba 2001, siku nne baada ya mashambulizi ya New York, Balbir Singh Sodhi alipigwa risasi akafa nje ya kituo chake cha mafuta huko Mesa, Arizona. Muuaji aliona kilemba na ndevu, akadhani amempata Mwislamu wa kulipizia kisasi. Hata huyo Mwislamu angekuwa na kosa gani, hilo sijui nani atalijibu. Lakini baada ya siku ile, Masingasinga wengi Marekani waliendelea kufunga vilemba kila asubuhi, mita kadhaa za kitambaa, mkunjo juu ya mkunjo, na kutoka nje navyo.

Pale Makindu, tulipomaliza kula, nilikifungua kile kitambaa cha machungwa nikakirudisha kapuni. Barabarani nikawa mtu kama watu wengine. Nikageuka nyuma, na kutoka kule kwenye gari bado nilimwona mzee wangu mlangoni: basi la abiria lilikuwa limesimama, na utingo alikuwa akimnyooshea kidole kuwaelekeza abiria waliokuwa wakishuka.