Hotuba ya Mwenyekiti: Gari la Taka Limepunguzwa, Sisi Tumejifunza Nini?



 Wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki tunawaombea wapumzike kwa amani.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 15, chini ya mwembe, na hisa moja ilikuwa sh. 1,000/=. Leo tuko 28. Habari za hisa, mikopo na sanduku letu Mweka Hazina amezieleza katika kurasa zake, hatutazirudia. Sisi tunaomba kuzungumzia taka. Wapo watakaoguna: sherehe ya miaka 10, watu wamevaa vitenge vipya, halafu Mwenyekiti anaongea takataka! Lakini wanachama wenyewe wanajua kwamba katika miaka yote hii hakuna jambo lililokaribia kutuvunja kama taka.

Ndugu Mgeni Rasmi, mpaka mwaka 2021 gari la taka lilikuwa likipita mtaani kwetu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Mwaka huo tukaitwa mkutanoni, tukaambiwa sasa litapita Ijumaa tu. Sababu tuliyopewa ilikuwa nzuri. Gari likija kila mara watu hutupa kila kitu bila kufikiri. Likipungua watatenganisha chupa, makopo na makaratasi, viuzwe na kutengenezwa upya, na dampo lisijae upesi. Sisi wa kikundi ndio tuliokuwa wa kwanza kupiga makofi. Ada ya taka ilibaki ile ile, na hatukuuliza.

Makofi yale tuliyalipia. Haba na haba hujaza kibaba, na taka nazo haba na haba hujaza ua. Jumatatu kiroba kimejaa, Jumatano kina funza. Kwa joto letu la Dar es Salaam yai la nzi halichukui hata wiki mbili kuwa nzi mzima anayetua kwenye ugali. Na nyumba zetu za kupanga mnazijua: vyumba sita, familia sita, ua mmoja. Usiku watu wakaanza kutupa mtaroni. Wengine wakachoma moto, moshi ukawaingilia watoto vyumbani. Masika yalipokuja mtaro umeziba, maji yakaingia kwenye nyumba za watu.

Mwenzetu mmoja alikuwa na genge la mboga pale kona, na mtaji wake ulikuwa mkopo wetu. Lundo la taka likaota hatua chache tu kutoka kwenye meza yake. Mteja gani atanunua mchicha penye nzi? Jumamosi ya marejesho akaja mikono mitupu. Tukafungua katiba, tukamtoza faini ya sh. 2,000/=. Akalipa, akaondoka bila kusema neno, na wiki mbili hakuonekana. Tulipomfuata nyumbani akatuambia, "Lile lundo mlilipigia makofi ninyi." Jamani, tulinyamaza. Na kweli, katika lundo lile mlikuwa na viroba vyetu.

Basi tukaamua kwanza tuzijue hizo taka ni nini. Wanachama wanne walikubali kuweka mbalimbali taka zao za wiki nzima, tukazihesabu kwa ndoo. Katika kila ndoo 10, ndoo 6 au 7 zilikuwa vitu vibichi: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga, machicha ya nazi, wali uliochacha. Chupa na makopo, ambavyo ndivyo tulivyoambiwa tutenganishe, vilifika ndoo moja hivi. Hapo tukaelewa. Chupa ya maji ikikaa uani mwezi mzima hainuki. Kinachonuka ni ganda la ndizi, na chupa ikishalala pamoja na ganda, mnunuzi naye anaikataa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenga kibichi na kikavu. Bila hivyo, kupunguza gari ni kuongeza nzi tu.

Mtoto wa mwenzetu mmoja anaishi Wales, Uingereza. Tulipomweleza kwa simu alicheka, akasema na kwao gari limepunguzwa. Huko Conwy, tangu mwaka 2018, taka zinazobaki baada ya kutenganisha huchukuliwa mara moja tu kila wiki 4. Tukashangaa, sasa wanaishije? Akatuambia mabaki ya chakula yana ndoo yake, na hiyo huchukuliwa kila wiki. Chupa na makaratasi nayo kila wiki. Maana yake wenzetu walipunguza gari moja huku mengine yakiendelea kuja. Na kule ni baridi! Sisi wenye joto tulipunguziwa gari, lakini cha kushika nafasi yake hatukupewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulijitafutia wenyewe. Kwa fedha za mfuko wa jamii tulinunua ndoo zenye mifuniko, kila mwanachama ndoo mbili. Maganda anayachukua mfugaji wa ng'ombe anayepita na mkokoteni asubuhi. Yasiyofaa kwa ng'ombe, mwenye uwanja anayafukia kwenye shimo la mboji. Vitu vikavu vinakaa kwenye kiroba, kijana wa chupa anakuja kupima kwa kilo, na fedha zinarudi kwenye mfuko. Tusidanganyane, si fedha za kujengea nyumba. Bei inapanda na kushuka. Lakini ndoo zikipasuka tunanunua nyingine, na Ijumaa kinacholisubiri gari ni kiroba kimoja badala ya vinne.

Yule mwenzetu wa genge tulimrudishia faini yake mbele ya kikao, tukamwomba radhi. Tena tulibadili katiba: mwanachama akishindwa marejesho, kwanza anatembelewa nyumbani, faini inafuata baadaye. Leo yeye ndiye anayesimamia ndoo zote za kikundi.

Hata hivyo matatizo yapo, na tungekuwa waongo kuyaficha. Mpangaji asiye na uwanja hana pa kuchimba shimo. Nepi za watoto hazina mnunuzi wala ng'ombe wa kuzila, na wiki ni ndefu mno kwa nepi. Kazi yote ya kuchambua imetuangukia akina mama na mabinti zetu. Akina baba wengi bado wanaona ndoo ni ndoo tu. Na siku nyingine tumeshuhudia kwa macho yetu viroba tulivyovitenga vikimwagwa vyote pamoja ndani ya gari. Siku kama hiyo kumshawishi jirani ni vigumu sana.

Lakini hatutaki kurudi tulikotoka, kwa sababu taka haziishi kwa kuondoka mtaani. Sisi wa umri huu tunakumbuka wakazi wa Tabata walivyokwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kulipinga dampo, wakashinda. Taka zikatafutiwa pengine, zikapita Vingunguti, zikapita Mtoni, mpaka Pugu Kinyamwezi. Kila zinapohamia kuna mama mwenzetu anayeanika nguo penye moshi huo.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, taka mbichi zichukuliwe mara mbili kwa wiki, hata kwa guta. Kavu zinaweza kusubiri. Pili, tupatiwe eneo dogo la mboji la mtaa mzima, ili na mpangaji awe na pa kupeleka. Tatu, kilichotengwa kisichanganywe tena garini. Nne, siku za gari zikibadilishwa, wananchi waulizwe kwanza, na ada iangaliwe upya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa halmashauri jukumu la kuweka utaratibu wa kutenganisha taka kule zinakotoka. Sisi huku zinakotoka tuko tayari.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku watu walisema haiwezekani. Mbona tulirudi kwenye vikapu na ikawezekana? Iliwezekana kwa kuwa kikapu kilikuwepo. Na kwenye taka tunaomba kikapu chetu.

Na ninyi wanachama wenzetu, tukiitwa tena mkutanoni tusikilize mpaka mwisho, tuulize, ndipo tupige makofi.

 Tukitoka hapa, maganda ya ndizi ndoo ya kijani, chupa za soda kwenye kiroba. Karibuni chakula.