Fukusi na Dumuzi: Tusiwachanganye

Leo sizungumzi juu ya mikopo. Nazungumza juu ya ghala, maana kikundi kikinunua mahindi Februari ili kiuze Juni kwa bei nzuri, halafu Juni kikute unga wa wadudu, basi pesa za wanachama zimekwenda.

Fukusi twamjua tangu zamani, yule mwenye pua ndefu. Huyu huanzia shambani, mahindi yakiwa bado kwenye bua. Jike hutoboa punje akataga yai humo ndani. Kwa hiyo mwaweza kuingiza ghalani mahindi yanayoonekana safi kabisa, kumbe mgeni yumo tayari.

Dumuzi ni mwingine. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na 1983 akaonekana Taveta. Wengine humwita Scania, wengine Osama, na sababu mnaijua! Hana pua ndefu. Mwili wake ni mviringo kama kipande kidogo cha penseli, na ukimtazama kutoka juu kichwa hukioni, kimeinama chini. Mahindi hayamtoshi, hutoboa muhogo mkavu, hata miti ya ghala. Mkikuta unga mwingi chini ya gunia, huyo si fukusi peke yake. Huko Tanzania mahindi yaliyowekwa na magunzi yake yalipoteza hadi theluthi moja ya uzito kwa miezi michache tu.

Sasa, mbona nasema tusiwachanganye? Ni kwa ajili ya dawa. Ile dawa ya unga iliyomuua fukusi vizuri haikumweza dumuzi, ikabidi ichanganywe na ya aina ya pili. Someni pakiti, iseme ni ya wote wawili. Ile ya kupimiwa kwa kijiko sokoni, hapana.

Tena pukuchueni. Dumuzi hupenda mahindi yaliyo kwenye gunzi, maana hapo punje hazichezi akitoboa. Kwanza yakauke: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, chumvi ikishika kwenye chupa, rudisheni juani. Yapo pia magunia yasiyopitisha hewa. Humo wote wawili hufa bila dawa, mradi lifungwe sawasawa na lisiwe na tundu.

Wiki ijayo kila kikundi kilete gorogoro moja ya mahindi kutoka chini ya gunia, si juu, tuchekeche pamoja tuone ni nani yumo.