MANENO KWA WANACHAMA JUU YA SPEA ZA PIKIPIKI DUKANI KWETU

Ndugu wanachama, na ninyi vijana wa pikipiki,

Leo tunaanza na kosa letu wenyewe. Duka la ushirika liliuza breki za nyuma za bei ndogo. Lainingi ikabanduka kwenye mteremko, gurudumu likanasa, mwenzetu akaanguka na abiria wake. Abiria kavunjika mkono. Kijana aliporudi dukani akaonyeshwa kibao: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Hebu tujiulize, duka hili ni la nani? Kibao hicho tumekishusha.

Spea isiyotoka kwa mwenye pikipiki yake si lazima iwe mbovu. Viwanda vingine navyo hutengeneza vizuri. Ubaya ni ile ya bandia, yenye jina la kuiba na gundi ya kubahatisha. Basi tumepatana hivi:

1. Mnunuzi wetu asichukue mali mjini bila stakabadhi.
2. Mteja aje na spea ya zamani, zilinganishwe kabla hajalipa.
3. Cheni na sproketi zibadilishwe pamoja. Meno yaliyokwisha hula cheni mpya upesi.
4. Kila mteja apewe stakabadhi. Spea ikiharibika kwa ubovu wake tutaipokea na kumpa nyingine, bila maneno makali.

Bei itapanda kidogo, hatuwadanganyi. Lakini wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Kwetu imevunja mkono wa mtu.


Katibu wa Chama