Motokaa Mpya na Ahadi ya Mtengenezaji

Twataka kusema nanyi habari ya motokaa mpya. Watu wengi hudhani ya kuwa chombo kikiwa kipya hakina ila. Mafundi wanajua sivyo. Motokaa moja ina vipande vipatavyo 30,000, tukihesabu hata skrubu ndogo, na kimoja kikikazwa vibaya kiwandani ubovu wake huweza kutokea katika miezi ya kwanza, wala haungoji uzee. Ndiyo sababu watengenezaji hutoa hati ya dhamana: kikiharibika kitu kwa kosa la kiwanda, kabla ya kupita muda au maili zilizotajwa, watakitengeneza bila malipo.

Basi kosa lenyewe si ajabu. Sisi twapenda kutazama lifanywalo baada yake.

Mwaka 1989 Toyota ya Japani ilianza kuuza Marekani motokaa ya fahari iitwayo Lexus LS 400. Jina lilikuwa geni, na matajiri walizoea magari ya Wajerumani. Mwaka haujaisha, yakaja malalamiko mawili, la waya zenye kasoro na la taa ya breki iliyopata moto kupita kiasi. Mawili tu! Kampani ikayaita magari yote yaliyokwisha uzwa, yapatayo 8,000. Yakachukuliwa kwa wenyewe, yakatengenezwa, yakarudishwa. Na palipokuwa mbali na karakana, mafundi walipelekwa kwa ndege, wakakodiwa mahali pa kufanyia kazi. Ikaisha kwa siku 20 hivi, na jina lile geni likaanza kuaminiwa.

Sasa tazameni habari nyingine. Katika baadhi ya magari madogo ya General Motors, kama Chevrolet Cobalt, swichi ya ufunguo ilikuwa hafifu. Shada la funguo likiwa zito, na gari likirushwa na shimo, ufunguo uliweza kurudi nyuma wenyewe: injini ikazimika njiani, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva isifumuke. Wahandisi kadha wa kampani walikuwa na habari za ubovu huo kwa miaka kama kumi, lakini magari yalianza kuitwa Februari 2014, nayo yakafika milioni 2.6. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampani yenyewe ulikubali vifo 124, kwa kipande cha bei ndogo kabisa.

Wala msidhani Toyota ni malaika. Mwaka huo huo wa 2014 ilikubali kuilipa Serikali ya Marekani dola bilioni 1.2, kwa kuwa iliwapotosha wanunuzi juu ya magari yaliyoongeza mwendo bila dereva kutaka.

Kwa hiyo mwenye kununua na aulize kabla ya kutoa fedha: Karakana ya wakala iko umbali gani? Spea zimo ghalani, au huagizwa ng'ambo kwa meli? Na kitabu cha gari hupigwa muhuri na nani, kwani dhamana nyingi hutaka ushahidi kwamba gari lilitunzwa kwa wakati wake.